Umehamia maltiefekti na sauti imeharibika? Tafuta dalili yako hapa

Wapiga gitaa wanaoacha pedali moja moja na kuhamia mashine ya maltiefekti huleta malalamiko yanayofanana mno. Distoshoni inachoma masikio. Priseti moja (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa) inanguruma, inayofuata haisikiki. Kuna mvumo ambao zamani haukuwepo. Mtu anahangaika wee, mwisho anaamua mashine ni mbovu, anaiuza kwa hasara na kurudi kwenye pedali zake.

Mara nyingi mashine ni nzima. Pedali ya kawaida ina kazi moja na matundu mawili, wala haihitaji kujua imechomekwa kwenye nini. Maltiefekti imebeba ndani yake kazi za pedali, za amplifaya, za kabineti ya spika na hata za maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya kabineti hiyo. Kwa hiyo lazima iambiwe sauti yake inakwenda wapi: mbele ya amplifaya ya gitaa, kwenye RETURN ya amplifaya (tundu la kurudishia sauti, kwa kawaida nyuma yake), kwenye miksa au kwenye hedifoni. Ukikosea hapo, hata ukizungusha vitasa vyote hutapona. Ndiyo maana dalili nyingi hapa chini zitakurudisha kwenye swali hilohilo.

## Kabla ya dalili yoyote, punguza vitu

Chomoa kila kitu: pedali za nje, kompyuta, pedali ya mguu ya ziada, waya wa miksa. Bakiza gitaa, mashine, adapta yake halisi na hedifoni za waya. Tengeneza priseti tupu isiyo na efekti hata moja, kisha ongeza amplifaya moja safi na kabineti yake. Piga.

Kama sauti ni nzuri, mashine yako haina tatizo, na kosa limo kwenye kitu ulichokichomoa au kwenye mpangilio wa matokeo. Rudisha kimoja kimoja, ukipiga kila baada ya kimoja. Tatizo likirudi, umempata mwenyewe. Kama sauti ni mbaya hata hapa, badilisha kebo ya gitaa kwanza. Kebo huharibika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mnyororo huu, na ndiyo rahisi kuliko vyote kubadilisha.

## Distoshoni inawasha, kama nyuki waliofungiwa kwenye mkebe

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu zake ni chache.

Uigaji wa kabineti umezimwa, au haupo kabisa. Spika ya gitaa ya inchi 12 ni chujio kali. Juu ya takriban kilohezi 5 huanza kuporomoka haraka. Distoshoni hutengeneza vitu vingi sana juu ya hapo, na kwa miaka yote uliyopiga na pedali, spika yako ilikuwa inavimeza bila wewe kujua. Spika za miksa na hedifoni hazimezi. Zinakupa kila kitu hadi karibu kilohezi 20, na hao ndio nyuki unaowasikia. Kama unaingia kwenye miksa, spika za kanda nzima (zinazotoa besi hadi sauti za juu kabisa) au hedifoni, hakikisha kuna bloku (kipande kimoja cha mnyororo wa priseti) ya kabineti au faili ya IR (rekodi ya tabia ya kabineti halisi) mwishoni mwa mnyororo, na kwamba imewashwa.

Kabineti zimekuwa mbili. Hii ni kinyume chake. Umechomeka mashine mbele ya amplifaya halisi ya gitaa huku priseti ya kiwandani ina amplifaya ya kuigiza na kabineti ya kuigiza. Sauti inapita kwenye amplifaya mbili na kabineti mbili, na matokeo yake ni ukungu, besi iliyovimba na ukali usioeleweka unatokea wapi. Zima bloku za amplifaya na kabineti, bakiza efekti tu. Mashine nyingi zina mpangilio wa jumla wa matokeo ambapo unachagua aina ya kifaa unachochomekea. Ukiuweka sawa pale, baadhi hujirekebisha zenyewe kwenye priseti zote.

Ukiingia kwenye RETURN ya amplifaya, umeruka sehemu yake ya mwanzo na unatumia sehemu ya nguvu na spika halisi. Hapo washa amplifaya ya kuigiza, zima kabineti. Kosa hili ni la kawaida sana, kwa kuwa watu huwasha vyote au huzima vyote.

Geini (kiasi cha kukuza sauti kinacholeta distoshoni) ni nyingi mno. Priseti za kiwandani zimetengenezwa ili zivutie kwenye hedifoni ukiwa peke yako. Shusha geini hadi nusu, kisha uongeze kidogo kidogo. Kama ulizoea pedali ya ovadraivu mbele ya amplifaya iliyokaribia kuanza kupasua sauti, jenga hivyohivyo ndani ya mashine: ovadraivu ya geini ndogo na sauti kubwa, mbele ya amplifaya yenye geini ya kati. Watu hushangaa jinsi mkono wao unavyorudi wakifanya hivi.

Bado kuna ukali kidogo. Kwenye bloku ya kabineti tafuta kikata juu na kikata chini. Anza na kilohezi 7 juu na hezi 90 chini, kisha sogeza kwa sikio. Kama mashine inakuruhusu kusogeza maikrofoni, iondoe katikati ya koni ya spika uipeleke pembeni. Ukali hupungua mara moja.

## Hakuna sauti kabisa

Usiogope, na usifungue kitu. Angalia kwa mpangilio huu:

1. Pedali ya mguu iko kisigino chini. Kwenye mashine nyingi pedali hiyo hufanya kazi ya volyumu hadi uipeleke kwenye kazi nyingine, na ikilala kisiginoni sauti ni sifuri. Kandamiza vidole.
2. Tyuna imewashwa. Tyuna nyingi hunyamazisha matokeo.
3. Umechomeka kwenye tundu la kulia peke yake. Kama unatumia waya mmoja, tumia tundu lililoandikwa L/MONO.
4. Kuna bloku ya lupu (njia ya kupeleka sauti kwenye pedali za nje na kuirudisha) kwenye priseti, lakini hakuna kilichochomekwa kwenye SEND na RETURN. Kwenye baadhi ya mashine sauti inatoka nje na hairudi. Zima bloku hiyo.
5. Kitasa cha volyumu cha jumla kimeshushwa, au chanzo cha kuingia kimewekwa kuwa USB badala ya gitaa.

Kama taa ya sauti inayoingia kwenye skrini inacheza ukipiga lakini hakuna kinachotoka, tatizo liko ndani ya mashine au baada yake. Kama haichezi, liko kabla yake au kwenye chanzo cha kuingia. Kipimo hiki kimoja hupunguza nusu ya kazi.

## Priseti moja inaua masikio, nyingine imekufa

Ulipokuwa na pedali, volyumu ya kila moja uliiweka kwa mguu na sikio, ukaizoea. Sasa una priseti kadhaa ambazo hazikuwahi kusawazishwa pamoja, na nyingi zimetengenezwa na watu wenye gitaa tofauti na lako.

Zisawazishe kwa sauti ya mazoezi, kupitia spika utakazopigia. Chagua priseti yako safi iwe kipimo. Piga kodi moja ya E mara nne kwa nguvu ileile ya mkono, ruka kwenye priseti ya pili, piga tena mara nne. Rekebisha LEVEL ya priseti hiyo, ile ya mwisho kabisa kwenye mnyororo. Usiguse geini, maana geini itabadilisha umbo la sauti na utaanza upya. Rudi kwenye ile safi, linganisha. Ukimaliza zote, priseti ya solo iongezee desibeli 2 hadi 3. Mtu wa miksa atakushukuru.

Usisawazishe kwa kutazama mita ya skrini peke yake. Sauti safi ina vilele virefu vinavyopita haraka, distoshoni imebanwa. Mita inaweza kuonyesha ziko sawa huku sikio likisikia distoshoni imezidi.

Kuna ndugu yake tatizo hili: priseti ilisikika kubwa na tamu chumbani, jukwaani ikapotea ndani ya bendi. Sikio halisikii besi na sauti za juu kwa usawa sauti inapokuwa ndogo. Fletcher na Munson walilichora jambo hili kwenye mikondo yao mwaka 1933. Ukitengeneza priseti kwa sauti ndogo usiku, utaongeza besi na ukali ili ijae, na ukiifungulia jukwaani vyote viwili vinalipuka huku katikati kukibaki shimo. Katikati hapo ndipo gitaa linapoishi. Punguza besi, punguza ukali, rudisha mido, punguza riverbu hadi uhisi imekuwa kame kidogo ukiwa peke yako. Na kama umeshazitengeneza zote kwa hedifoni, usizifungue moja moja. Tumia EQ ya jumla ya mashine kurekebisha zote kwa pamoja kulingana na ukumbi.

## Mvumo, shhh na miluzi

Gawanya kwanza. Shusha volyumu ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikitoweka, inatoka kwenye gitaa au inakuzwa na geini. Ikibaki, inatoka kwenye umeme, kompyuta au waya za amplifaya.

Kelele inatoweka ukishusha gitaa. Mara nyingi ni geini. Kompresa, ovadraivu na amplifaya kali vikipangana, kila kimoja kinaikuza kelele ya kilichotangulia. Zima kompresa uone. Kisha pikapu za koili moja: zinadaka mvumo kutoka kwenye skrini, adapta na taa zenye kidhibiti cha mwanga. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa. Kama mvumo unapanda na kushuka unavyogeuka, umempata.

Geti la kelele, bloku inayokata sauti ndogo usipopiga, ni dawa ya mwisho kujaribu. Liweke mwanzoni mwa mnyororo, funika nyuzi kwa kiganja, pandisha kiwango hadi kelele ife, simama hapo hapo. Wengi hupandisha zaidi, kisha wanalalamika kwamba noti zinakatwa kabla hazijaisha.

Kuna mluzi mwembamba wa juu. Karibu kila mara ni umeme wa pamoja. Ulikuwa na adapta moja yenye mkia wa plagi nyingi kwa pedali zako, ukaongeza na mashine humohumo. Mashine ya dijitali hurudisha kelele yake kwenye waya huo na pedali za analogia zinaipokea. Ipe mashine adapta yake yenyewe. Kama unataka kuitumikisha kutoka kwenye kisambaza umeme cha ubao wa pedali, kiwe kile chenye matokeo yaliyotenganishwa, na tundu husika litoe miliampea za kutosha.

Mluzi unatokea ukichomeka kompyuta. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato, itumie kwa betri. Mluzi ukinyamaza, umeshajua chanzo ni chaja. Badilisha tundu la USB, au chomeka vyote kwenye mkia mmoja wa umeme (ekstensheni).

Mvumo mzito wa hezi 50 au 60 tangu uanze kutumia kebo nne. Njia ya kebo nne ni hii: gitaa kwenda INPUT ya mashine, SEND ya mashine kwenda mbele ya amplifaya, SEND ya amplifaya kwenda RETURN ya mashine, na OUTPUT ya mashine kwenda RETURN ya amplifaya. Ni njia nzuri sana, lakini inaunganisha mashine na amplifaya kwa zaidi ya njia moja ya ardhi, na mzunguko huo hudaka mvumo. Anza kwa kuchomeka vyote kwenye mkia mmoja wa umeme. Kisha jaribu kebo fupi zinazopita pamoja. Kama mashine ina swichi ya GROUND LIFT (ya kukata ardhi ya waya wa sauti) kwa ajili ya XLR, tundu la pini tatu la kwenda miksa, itakusaidia kwa mvumo wa miksa. Kama mvumo umebaki, nunua kisanduku cha transfoma ya kutenganisha na ukiweke kwenye moja ya kebo hizo nne.

Simama hapa usome. Usikate kamwe wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka kweli, na pamoja nao utaondoka ulinzi pekee ulio kati ya umeme wa ukutani na vidole vyako. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni ambayo ardhi yake haikuwa salama. Ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, acha kupiga, usiguse kitu kingine, mwambie mtu azime umeme kwenye swichi kuu, na mwite fundi umeme. Hata kama shoo imebakiza wimbo mmoja.

## Sauti imekuwa kali kuliko pedali zangu, au fazi (fuzz) yangu imekufa

Pedali za zamani zenye njia huru ya kupitisha (true bypass, yaani zikizimwa sauti hupita kama kwenye waya mtupu), zikipangwa nyingi na kebo ndefu, hula sauti za juu. Kila mita ya kebo huongeza takriban pikofaradi 100, na pikapu ya kawaida haina nguvu ya kusukuma mzigo huo. Ulizoea sauti iliyopunguzwa makali, ukazungusha vitasa vya amplifaya kulingana nayo. Mashine ina bafa (saketi inayoipa sauti ya gitaa nguvu ya kusukuma kebo) mlangoni na impidansi (ukinzani) ya kuingia ya karibu megaohmu 1, kwa hiyo gitaa linasikika lote. Wengi huiita dijitali baridi kumbe wanasikia gitaa lao kwa mara ya kwanza. Shusha TREBLE kidogo, au kama mashine inaruhusu kubadilisha impidansi ya kuingia, ishushe uone.

Fazi ni habari nyingine. Muundo wa aina ya Fuzz Face, uliotoka mwaka 1966, unategemea kuunganishwa moja kwa moja na pikapu. Ukiiweka kwenye lupu ya mashine, inakutana na bafa badala ya gitaa. Inakuwa kali, na ukishusha volyumu ya gitaa haisafiki kama zamani. Ichomeke kati ya gitaa na mashine, mbele ya vyote. Waa (wah) ya zamani nayo hupenda kukaa hapo hapo mbele.

Kama una pedali nyingine unazozipenda na hutaki kuziacha, lupu inazipokea vizuri, lakini angalia kiwango cha SEND na RETURN. Kikiwa LINE, kiwango kikubwa cha vifaa vya studio, pedali nyingi za gitaa zitapasuka sauti. Weka kiwango cha ala, kinachoandikwa INST. Na kinyume chake: kuingia RETURN ya amplifaya ya raki au kwenye miksa kwa kiwango cha ala hukupa sauti dhaifu na watu hudhani mashine haina nguvu.

## Sauti inakatika ukibadilisha, dilei inakufa katikati

Pedali ukiizima haigusi nyingine. Mashine ukibadilisha priseti inapakia mnyororo mzima upya, na kwa muda mfupi hakuna kinachopita. Kwenye wimbo wa polepole hutasikia. Kwenye mpito wa ghafla kutoka safi kwenda kali utasikia pengo, na mkia wa dilei utakatwa.

Dawa ni kutobadilisha priseti katikati ya wimbo. Jenga priseti moja kwa wimbo mzima, kisha tumia sini, zile ambazo watengenezaji wengine huziita snapshot, kuwasha na kuzima bloku na kubadilisha vitasa kwa pamoja. Au weka mashine kwenye hali ya pedali, kila swichi ya mguu iwashe efekti moja kama ulivyozoea. Kwa anayetoka kwenye ubao wa pedali, ningemshauri aanze na hali hii kwa wiki za mwanzo kabla hajagusa kingine chochote. Kuhusu mikia, tafuta TRAILS au SPILLOVER kwenye bloku ya dilei na riverbu na uiwashe.

Kama mashine inakataa kuongeza bloku, prosesa imejaa. Riverbu kubwa, efekti za kubadilisha pichi na amplifaya mbili sambamba ndizo zinazokula zaidi. Badilisha riverbu kwa nyepesi kabla hujatoa kitu unachokihitaji.

## Pedali ya mguu inaruka au haifiki mwisho

Angalia plagi ya kebo. Pedali za ekspresheni, yaani pedali za mguu za kuendesha vitasa vya mashine, zinahitaji kebo ya stirio, ile yenye pete mbili nyeusi kwenye plagi. Kebo ya gitaa ina pete moja na haitafanya kazi sawasawa. Kisha fanya kalibresheni kutoka kwenye menyu ya jumla: kisigino chini kabisa, thibitisha, vidole chini kabisa, thibitisha. Kama inafanya kazi kinyume au inaruka ghafla kutoka sifuri hadi mwisho, nyaya zake zimepangwa kwa mfumo wa mtengenezaji mwingine. Baadhi ya pedali zina swichi ndogo ya kugeuza. Pedali ya volyumu ya kawaida siyo ya ekspresheni hata kama zinafanana kwa nje.

## Kuna kuchelewa kati ya kidole na sikio

Kama unatumia hedifoni za Bluetooth, tafuta za waya na tatizo limeisha. Ukicheza kupitia kompyuta, zima sauti ya gitaa inayorudi kutoka kwenye programu ya kurekodi na usikilize moja kwa moja kutoka kwenye mashine, au punguza bafa ya programu (fungu la sauti inalokusanya kabla ya kuicheza): sampuli 1,024 kwa kilohezi 44.1 ni milisekunde 23 na kidole kinazihisi, 128 ni karibu 3 tu. Mashine yenyewe kwa kawaida huongeza milisekunde chache, na sauti huchukua milisekunde 3 hivi kusafiri mita moja hewani, sawa na kusimama mbali kidogo zaidi na spika. Efekti za kushusha nyuzi kwa pichi huongeza zaidi. Hizo zivumilie au ushushe nyuzi kwa mkono.

## Inajizima, inajiwasha upya, au haiwaki

Soma maandishi ya adapta, usiamini umbo la plagi. Adapta ya pedali inaweza kuingia vizuri kabisa na bado isitoshe. Pedali ya kawaida ya distoshoni hula chini ya miliampea 20. Line 6 HX Stomp huja na adapta ya volti 9 na ampea 3, yaani miliampea 3,000. Ukiipa mashine ya namna hii adapta ndogo, inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena.

Volti lazima zilingane. Miliampea za adapta ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi. Zikizidi si tatizo, mashine huchukua inachohitaji. Alama ya plasi na minasi ilingane na iliyochapishwa mgongoni mwa mashine. Na aina ya mkondo: mashine nyingi za leo hutumia DC, lakini kuna za zamani zilizotumia AC. Line 6 DL4 ya kwanza, ile ya kijani, ilikuwa ya volti 9 za AC. Ukibadilisha adapta za AC na DC unaweza kuunguza saketi kwa sekunde moja, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoirudisha.

Kama adapta ni sahihi na bado inazima, angalia kipengele cha kujizima baada ya muda kwenye menyu, kisha shika plagi ya umeme uitikise taratibu. Ikizima ukitikisa, tundu limelegea kwenye bodi. Hilo ni la fundi.

Jambo moja zaidi kuhusu umeme: ukiingia miksa kwa XLR, mwombe mtu wa miksa azime umeme wa fantomu wa volti 48 (ule miksa inaoutuma kuendesha maikrofoni) kwenye chaneli yako kabla hujachomeka, isipokuwa kitabu cha mashine kinasema wazi unavumilika. Si kila tokeo la XLR linaupenda.

## Kompyuta haiioni, au sasisho limekwama

Badilisha kebo ya USB. Nyingi zinazozagaa majumbani ni za kuchajia tu na hazipitishi data. Chomeka kwenye kompyuta yenyewe bila kigawanya. Zima programu nyingine zinazotumia sauti.

Kabla ya kusasisha, hifadhi priseti zako kwenye kompyuta. Zuia kompyuta isilale, iache kwenye chaja, na usiguse chochote hadi mashine iseme imemaliza. Sasisho likikatika katikati, usirudie kuwasha na kuzima. Fungua kitabu cha mashine utafute vitufe vya kushikilia wakati wa kuwasha ili iingie hali ya kusasisha, kisha uanze tena. Ikiwa baada ya sasisho priseti zinafanya vituko, fanya urejeshaji wa kiwandani na upakie nakala yako.

## Ya fundi, si ya kwako

Zima, chomoa na usijaribu tena ukiona mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, adapta isiyoshikika kwa joto, maji au soda iliyoingia ndani, tundu la umeme linalocheza, skrini iliyokufa huku sauti ikitoka, au swichi ya mguu inayobonyeza mara mbili hata baada ya kusafishwa kwa dawa ya koneksheni. Kilicholowa usikiwashe kuona kama kimepona. Kiache kimezimwa hadi kifunguliwe na kusafishwa.

Mashine iliyo ndani ya dhamana usiifungue hata skrubu moja. Amplifaya ya taa (valvu) usiifungue kabisa, iwe na dhamana au isiwe nayo: ndani yake kuna mamia ya volti, na kapasita zake zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi.

Unapokwenda kwa fundi, beba adapta unayoitumia, kebo zako na pedali ya mguu, siyo mashine peke yake. Mwandikie kwenye karatasi ulichochomeka wapi, tatizo linatokea baada ya muda gani, na kilichotokea kwenye lile jaribio la gitaa, mashine na hedifoni.